Taa za Breki za Tela: Tuanzie Njia ya Kurudi

 

Mara nyingi tunapokutana hapa huwa tunazungumza juu ya mbegu, mbolea, dawa za wadudu na hifadhi ya mazao ghalani. Leo tutazungumza juu ya safari ya mazao hayo kutoka shambani mpaka sokoni, na hasa juu ya taa za breki za tela linalovutwa na pikapu. Najua wapo watakaosema, haya ni mambo ya mafundi wa magari, mkulima yanamhusu nini? Yanamhusu, ndugu zangu. Mazao ya msimu mzima yanaweza kuishia mtaroni kwa sababu ya waya mmoja uliooza. Tena mazao ni nafuu, kwa kuwa hupandwa mengine. Roho ya mtu haipandwi.

Tuchukue mfano. Mkulima wa Ilula, mkoani Iringa, amepakia matenga ya nyanya kwenye pikapu na kwenye tela. Anateremka mlima Kitonga kuelekea Morogoro. Ile ni barabara kuu iendayo Zambia, na malori mazito hupita humo mchana na usiku. Akifika kwenye kona anakanyaga breki. Pikapu yake ina taa nzuri za breki, lakini je, nani anaziona? Tela na matenga vimezikinga. Dereva wa lori aliye nyuma anaona mgongo wa tela tu. Kama taa za tela haziwaki, dereva huyo hatajua kuwa mbele yake kuna mtu amepunguza mwendo, mpaka aone tela linamjia usoni.

Hebu tupige hesabu kidogo. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 hivi kwa kila sekunde moja. Dereva wa nyuma akichelewa sekunde mbili kutambua kuwa umefunga breki, atakuwa amekwisha kula mita 44 za barabara kabla mguu wake haujagusa breki. Na lori lenye mzigo halisimami kama baiskeli. Kwa hiyo taa ya breki ya tela si pambo la kumridhisha askari wa usalama barabarani. Ni sauti yako ya kumwambia mwenzio aliye nyuma: ndugu, nasimama.

Sasa basi, taa hizi zinapogoma, wengi wetu hufanya nini? Tunanunua balbu mpya. Isipowaka, tunakata waya hapa na kuunga pale. Isipowaka tena, tunavuta waya mwingine mpya juu ya ule wa zamani. Mwisho tela linakuwa na nyaya kama utando wa buibui, na taa bado haziwaki. Leo nataka tukubaliane jambo moja: kabla hujanunua kitu na kabla hujakata kitu, ichunguze kwanza njia ya umeme ya kurudi.

Njia ya kurudi ni nini? Umeme wa gari unakwenda na kurudi. Unatoka kwenye betri kwa upande wa chanya, unapita kwenye fyuzi, unapita kwenye swichi iliyo juu ya pedali ya breki, unafuata waya mpaka kwenye balbu, unawasha balbu, halafu lazima urudi betrini kwa upande wa hasi. Njia hiyo ya kurudi ndiyo mafundi wanaiita ethi. Katika pikapu, mwili wa chuma wa gari ndio unaorudisha umeme. Lakini tela si sehemu ya mwili wa pikapu. Tela limeungwa tu, na linahitaji waya wake wa kurudishia umeme kupitia kwenye plagi. Waya huo ukikatika, ukishika kutu au ukilegea, umeme hauna pa kurudia, na taa haiwaki hata kama balbu ni mpya na fyuzi ni nzima.

Ninyi mnaomwagilia mashamba kwa mifereji mtalielewa jambo hili upesi. Ukifungulia maji kwenye jaruba lisilo na pa kutokea, maji yatajaa, yatarudi nyuma na kumwagikia jaruba la jirani. Umeme nao hufanya hivyo hivyo. Ukikosa njia yake ya kurudi, hutafuta njia ya jirani.

Hapa pana siri moja ambayo mkulima akiijua atajiokolea gharama nyingi. Balbu nyingi za nyuma ya tela zina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja. Uzi mmoja ni wa wati 5, nao ni wa taa nyekundu ya usiku. Uzi wa pili ni wa wati 21, nao ni wa breki. Nyuzi hizo mbili hutumia ethi moja. Ethi hiyo ikikatika, umeme wa breki ukifika kwenye balbu hupita kwenye uzi wa breki, halafu hugeuka na kurudi kupitia uzi wa taa ya usiku, ukafuata waya wa taa za usiku mpaka kwenye taa za pikapu, na huko ukapata ethi. Ndiyo maana unaona mambo ya ajabu. Unakanyaga breki, taa za usiku zinafifia badala ya kung'aa. Au unakanyaga breki, indiketa nayo inawaka kidogo. Au unawasha indiketa ya kushoto, na taa zote za tela zinapepesa pamoja. Ukiona mojawapo ya mambo hayo, usinunue balbu. Nenda moja kwa moja kwenye ethi. Mara nyingi sana ugonjwa uko hapo.

Sasa twende kazini. Vifaa vinavyohitajika si vingi. Uwe na bisibisi, plaizi, msasa au brashi ya waya, kitambaa kikavu, na taa ya majaribio. Taa ya majaribio unaweza kuitengeneza mwenyewe: chukua balbu ya volti 12 na wati 5 pamoja na kishikio chake, ufunge nyaya mbili. Kadhalika tafuta waya mmoja mrefu uliovikwa mpira vizuri, unaoweza kufika kutoka kwenye betri ya pikapu mpaka mwisho wa tela. Huu tutauita waya mrefu, na ndio daktari wetu wa leo.

Kabla ya kuanza, simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, na uweke mawe au magogo kwenye magurudumu ya pikapu na ya tela pia. Usifanye kazi hii injini ikiunguruma ndani ya banda lililofungwa, kwani moshi wake unaua. Mpate mtu wa kukukanyagia breki. Usipompata, katika pikapu nyingi kipande cha ubao kilichokazwa kati ya kiti na pedali kitafanya kazi hiyo. Lakini usiache breki imekazwa kwa muda mrefu, balbu hupata moto na betri inaisha.

Hatua ya kwanza: chomoa plagi ya tela, uangalie taa za breki za pikapu yenyewe. Kama zote hazijawaka, usihangaike na tela. Angalia fyuzi ya taa za breki, halafu swichi iliyo juu ya pedali. Kama upande mmoja tu hauwaki, tazama balbu na kishikio cha upande huo. Na kama taa za breki za pikapu zinawaka wakati wote hata pedali haijaguswa, hapo pia angalia swichi. Katika magari mengi pana kidude kidogo cha mpira au cha plastiki kwenye mkono wa pedali, ambacho hubonyeza swichi. Kikivunjika au kikidondoka, taa hazizimiki. Balbu mbili za wati 21 zikiwaka usiku kucha, asubuhi betri ya kawaida itakuwa hoi.

Hatua ya pili: chomeka plagi ya tela, kanyaga breki, utazame taa za tela. Kama haziwaki au zinawaka hafifu, chukua waya mrefu. Ncha moja ifunge imara kwenye nguzo ya hasi ya betri ya pikapu. Ncha ya pili nenda nayo nyuma ya tela. Fungua kioo cha taa, na wakati breki imekanyagwa, gusa kile chuma kinachoshika kiuno cha balbu, yaani sehemu ya ethi. Nasema sehemu ya ethi. Usiguse kile kipande cha chini kinachopeleka umeme kwenye balbu, maana ukikigusa utafanya shoti na fyuzi itakatika.

Taa ikiruka na kuwaka kwa nguvu mara tu unapogusa, ugonjwa umepatikana: njia ya kurudi ni mbovu. Sasa tutafute ni mbovu wapi. Ondoa ncha ya waya kwenye taa, gusa fremu ya tela karibu na hapo, mahali ulipokwangua rangi mpaka chuma cheupe kikaonekana. Taa isipong'aa, basi kasoro iko kati ya taa na fremu, au waya wa ethi wa taa hiyo umekatika. Taa iking'aa, songa mbele. Gusa waya wa ethi pale unapoingia kwenye plagi ya tela. Halafu gusa mguu wa ethi nyuma ya soketi ya pikapu. Kanuni yake ni rahisi: pale ambapo kugusa kunasaidia, kasoro iko mbele zaidi, upande wa pikapu. Pale ambapo kugusa hakusaidii tena, umekwisha kuipita kasoro, iko nyuma yako, upande wa taa. Kwa njia hiyo utaibana katikati kama panya ghalani.

Kuna jaribio jingine ambalo halitaki kifaa chochote. Taa zikiwa zinawaka, inua tela litoke kwenye kile kichwa cha chuma kinacholivuta, huku plagi ikiwa bado imechomekwa, nalo limewekewa magogo na halina mzigo. Taa zikizima au zikififia, ujue waya wa ethi haufanyi kazi. Siku zote umeme umekuwa ukirudi kupitia chuma cha kichwa hicho. Hiyo ndiyo sababu ya matela yanayowaka vizuri nyumbani na kuzima barabarani. Kichwa hicho hupakwa grisi, hushika vumbi, na tela likirukaruka kwenye mashimo, chuma huachana na chuma. Nyumbani taa inawaka, kwenye kona ya mlima inazima. Usikubali kabisa kichwa cha kuvutia kiwe ndiyo ethi yako.

Sasa, je, kama umegusa kwa waya mrefu na taa haikubadilika? Basi njia ya kurudi ni nzima, na kasoro iko kwenye njia ya kwenda. Hapo ndipo unapochukua taa ya majaribio. Anza kwenye soketi ya pikapu.

Soketi nyingi katika nchi yetu ni zile za mviringo zenye matundu saba. Ukitazama kwa makini, utaona namba zimepigwa chapa karibu na kila tundu au kwenye skrubu zake kwa ndani. Namba 1 ni indiketa ya kushoto. Namba 2 ni taa ya ukungu ya nyuma, nayo katika matela mengi ya shamba haitumiki. Namba 3 ni ethi. Namba 4 ni indiketa ya kulia. Namba 5 ni taa ya usiku ya kulia. Namba 6 ni taa za breki. Namba 7 ni taa ya usiku ya kushoto. Kwa leo shikeni namba mbili tu: 6 ni breki, 3 ni ethi. Kwa utaratibu wa kiwanda waya wa breki huwa mwekundu na wa ethi huwa mweupe. Lakini usiamini rangi. Matela mengi yameundwa na mafundi wetu kwa waya uliopatikana siku hiyo. Rangi hudanganya, namba ni nadra kudanganya.

Basi, breki ikiwa imekanyagwa, weka waya mmoja wa taa ya majaribio kwenye namba 6 na mwingine kwenye namba 3. Ikiwaka kwa nguvu, pikapu ni nzima mpaka hapo, na kasoro iko kwenye tela. Isipowaka, toa ule wa namba 3 uuguse kwenye chuma safi cha pikapu. Ikiwaka sasa, ethi ya soketi ndiyo mbovu. Isipowaka bado, umeme wa breki haufiki kwenye soketi. Ufuate waya wake kurudi mbele mpaka ulipoungwa na waya wa taa ya pikapu. Mara nyingi kiungo hicho kiko karibu na taa ya nyuma, kimefungwa kwa tepu nyeusi, na ndani yake shaba imegeuka kuwa unga wa kijani.

Kama kasoro iko kwenye tela, usianze kuchuna waya wote. Gawa nusu kwa nusu. Pima katikati ya tela kwenye kiungo cha waya. Umeme ukifika hapo, kasoro iko nusu ya nyuma. Usipofika, iko nusu ya mbele. Gawa tena. Kwa vipimo vitatu au vinne utakuwa umefika.

Hapa niseme neno kwa wenye pikapu za miaka ya karibuni, zile zenye kompyuta inayosimamia taa. Gari la namna hiyo halitaki kuchomwa waya wala kuunganishiwa tela kiholela, kwa sababu kompyuta inapima umeme unaotumika na inaweza kuzima taa au kuharibika. Tumia mita ya umeme badala ya taa ya majaribio kwenye nyaya za gari, na wakati wa kuweka soketi mwambie fundi afunge kile kisanduku cha kati chenye fyuzi yake, kinachochukua umeme wa tela moja kwa moja kutoka kwenye betri. Na wale waliofunga taa za LED kwenye tela wakumbuke kwamba taa hizo zina upande wa chanya na upande wa hasi. Ukigeuza nyaya, nyingi haziwaki, na wewe utadhani zimekufa.

Tuje kwenye fyuzi. Kama fyuzi ya breki inakatika kila mara, chomoa tela, weka fyuzi mpya ya namba ile ile, ukanyage breki. Isipokatika, shoti iko kwenye tela. Tazama pale ambapo waya unapita kwenye tundu la chuma bila mpira wa kukinga, pale ambapo unaning'inia na kuburuzwa barabarani, na pale ambapo unabanwa tela linapokata kona. Kama fyuzi inakatika kwenye kona tu, jibu unalo tayari.

Na tafadhali sana, ndugu zangu, tusiweke karatasi ya sigara wala kipande cha waya mahali pa fyuzi. Hesabu ni hii. Balbu moja ya wati 21 kwa volti 12 hutumia ampea moja na robo tatu. Balbu mbili za pikapu na mbili za tela ni ampea 7 jumla. Fyuzi iliyowekwa na kiwanda imepimwa kwa ajili ya waya wake. Ukiweka waya mahali pa fyuzi, siku ya shoti kitakachokatika si fyuzi, ni nyaya za gari zitakazowaka moto. Afadhali ukose taa njiani kuliko kukosa pikapu.

Wengine huniambia, taa yangu inawaka, ni hafifu kidogo tu, inatosha. Haitoshi. Balbu ya uzi ina tabia yake. Volti zikishuka kutoka 12 mpaka 9, yaani robo tu, mwanga wake unashuka chini ya nusu. Kutu kidogo kwenye plagi na kutu kidogo kwenye ethi vikijumlika vinakula volti hizo tatu bila shida. Usiku utaona taa inawaka. Saa nane ya mchana, jua likiwa kali, aliye nyuma yako hataona kitu.

Baada ya kupata kasoro, tengeneza ili isirudi. Usisokote nyaya kwa vidole na kuzungushia tepu. Msokoto wa namna hiyo huingiza maji, na tepu ikipata jua hubanduka. Tumia viungio vya kubana vilivyo sahihi, au uunge kwa solda, halafu ukinge kiungo kisipate maji. Kila taa ivutiwe waya wake wa ethi mpaka kwenye mguu namba 3 wa plagi, bila kutegemea fremu yenye rangi na kutu. Waya mkuu wa ethi uwe mnene kuliko wenzake, kwa sababu ndio unaobeba mzigo wa taa zote wakati wa kurudi. Pale unapofungwa kwenye chuma cha pikapu, kwangua rangi, kaza bolti, kisha paka grisi juu yake ili unyevu usiingie. Soketi na plagi zisafishwe kwa brashi, na pini zilizobanana zipanuliwe kidogo kwa ncha ya kisu ili zishike.

Sisi wakulima tuna maadui wa waya ambao watu wa mjini hawanao. Wa kwanza ni mbolea ya chumvichumvi. Mabaki yake huvuta unyevu na kula shaba na chuma. Ukishabeba mbolea, osha tela kwa maji mengi, na taa zake pia. Wa pili ni mkojo na kinyesi cha mifugo, ambavyo hufanya kazi hiyo hiyo. Ukirudi kutoka mnadani, osha siku hiyo hiyo, usingoje Jumapili. Wa tatu ni panya. Tela likikaa bandani tangu mavuno mpaka mavuno, panya hutafuna mpira wa waya. Pitisha nyaya ndani ya bomba la plastiki, na usihifadhi magunia ya nafaka juu ya tela. Wa nne ni uzembe wetu wa kuacha plagi ikilala chini kwenye matope. Ining'inize ikitazama chini, na uivike kopo la plastiki maji yasiingie.

Mwisho, fanyeni iwe desturi. Kila safari, kabla ya kung'oa gari, mtu mmoja asimame nyuma ya tela. Dereva aite na awashe: taa za usiku, indiketa ya kushoto, indiketa ya kulia, breki. Kisha awashe taa za usiku na breki kwa pamoja, kwa kuwa ethi mbovu hujificha taa moja ikiwaka na hujitokeza zikiwaka zote. Kazi hiyo haifiki dakika mbili. Taa za breki zikikataa na huwezi kuzitengeneza, safari iahirishwe. Nyanya zikioza tenga mbili ni hasara, lakini ni hasara inayohesabika.

Tukumbushane kwa ufupi. Angalia pikapu kwanza bila tela. Gusa ethi kwa waya mrefu kabla ya kununua balbu. Namba 6 ni breki, namba 3 ni ethi. Fyuzi ni fyuzi, si kipande cha waya. Na kichwa cha kuvutia tela kivute tela tu, kisipewe kazi ya umeme.

Basi, ndugu wakulima na wafugaji, muda wetu umekwisha. Mwenye tela alitoe bandani wiki hii, kabla ya mavuno kuiva, alipime.